Kupima kigunduzi cha gerimani kabla ya usiku wa jaribio

Muda wa mwale wa chembe hauombwi leo ukapewa kesho. Iwe ni maabara ya iThemba LABS nje ya Cape Town au ISOLDE kule CERN, unaandika ombi, kamati inalisoma, unasubiri miezi, kisha unapewa siku chache za kuhesabika. Sasa fikiria ni saa nane za usiku, mwale umeshafika kwenye shabaha, ndipo mtu anaona kwamba kigunduzi namba 5 kina kilele (mlundikano wa hesabu kwenye nishati moja ya mionzi ya gamma) chenye mkia upande wa kushoto. Saa hiyo hakitengenezeki. Atakayeulizwa ni yule aliyekipima mezani wiki tatu nyuma, au aliyesema atakipima halafu akasahau.

Maelezo haya ni ya kupima fuwele moja ya gerimani safi, ile inayopima nishati ya mionzi ya gamma, iwe imekaa peke yake kwenye kriostati (chombo chenye ombwe kinachoiweka baridi) au ni moja kati ya nne za klova, kigunduzi chenye fuwele nne ndani ya kriostati moja. Nina kanuni moja tu: pima kwa mpangilio ambao kila hatua inahukumu kipande kimoja cha mnyororo. Wengi huweka kobalti mbele ya kigunduzi, wakiona kilele kipana wanatangaza msiba wa fuwele. Kwa niliyoyaona mimi, fuwele huwa ya mwisho kufa. Waya, plagi na muunganisho wa ardhi hutangulia.

Andaa meza

Unahitaji cheti cha kiwandani cha kigunduzi, osiloskopu, chombo cha volteji ya juu, amplifaya au dijitaiza (kifaa kinachogeuza pigo kuwa namba), jenereta ya mapigo, rula, mizani ya kupimia uzito wa duari (chupa kubwa ya naitrojeni kimiminika), na vyanzo vidogo vya mionzi: Kobalti-60, Europiamu-152, na Amerisiamu-241 ukiipata. Kila chanzo kitoke stoo kwa saini na kirudi kwa saini. Kuwa navyo tu kunataka kibali. Tanzania ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki, Kenya ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Vyanzo hivi ni dhaifu, lakini usile wala kunywa mezani, wala usikitie chanzo mfukoni eti unavuka tu chumba cha pili.

Kinachonitisha zaidi ni naitrojeni kimiminika. Lita moja ikichemka yote inakuwa karibu lita 700 za gesi, na gesi hiyo haina harufu. Ikisukuma hewa ya chumba kidogo, hutakohoa wala kusikia dalili yoyote, utaanguka. Mlango uwe wazi, feni iwe inazunguka, na usijaze duari ukiwa peke yako. Vaa miwani na glavu pana zinazovuka kwa kutikisa mkono mara moja.

Hatua ya 1: kiangalie kingali na joto

Chunguza kofia ya mbele. Mara nyingi ni alumini nyembamba, na kwa vigunduzi vya nishati ndogo ni beriliamu au kaboni, ambazo haziguswi hata kwa kidole. Kibonyeo kidogo kwenye kofia si uchafu wa kupuuza, kwa sababu fuwele iko milimita chache nyuma yake.

Halafu soma cheti, uandike mambo mawili kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya tepu ubandike juu ya kriostati: kiasi cha volteji na alama yake. Fuwele ya aina ya p huchukua volteji chanya, ya aina ya n huchukua hasi, kwa kawaida kati ya volti 2000 na 5000. Ukikosea alama, wa kwanza kuumia ni transista ya mlangoni mwa priampu (amplifaya ndogo ya kwanza, iliyo karibu na fuwele), na hiyo mara nyingi imekaa ndani ya ombwe, pembeni ya fuwele. Kuibadilisha si kazi ya alasiri moja.

Hatua ya 2: kipoze, usiwe na haraka

Jaza naitrojeni, ngoja. Kigunduzi kidogo kikipewa usiku mzima kinatosha. Klova nipe mimi saa 24. Wakati wa kungoja ndio wakati wa kupima ombwe bila kulifungua: weka duari juu ya mizani, andika uzito jioni, andika tena asubuhi ya pili yake. Lita moja ya naitrojeni kimiminika ina uzito wa karibu kilo 0.8. Kigunduzi cha kawaida juu ya duari ya lita 30 hupoteza chini ya lita 2 kwa siku, yaani kilo moja na nusu hivi. Kikipoteza maradufu, au ukikuta kofia ya mbele ina umande au ukungu wa barafu, ombwe limechoka. Usiendelee na hatua ya 3.

Kuna kosa moja ambalo hata wazoefu hulifanya. Naitrojeni ikiisha usiku, kigunduzi kikaanza kupata joto, asubuhi mtu anakimbia kujaza upya ili kuokoa muda. Usifanye hivyo. Ndani ya kriostati kuna kinyonyaji kinachoshika gesi zilizobaki, na kinafanya kazi kikiwa baridi. Kikipata joto nusunusu kinaziachia, na ukipoza tena ghafla gesi hizo zinaweza kuganda juu ya uso wa fuwele, na hapo utapata mkondo wa uvujaji ambao haukuwepo jana. Kiache kifike joto la chumba kabisa, siku moja au mbili, ndipo uanze upya.

Hatua ya 3: washa priampu, kisha panda na volteji

Washa umeme wa priampu kwanza, volteji ya juu ikiwa bado sifuri. Unganisha ule waya mdogo wa kinga unaotoka priampu kwenda kwenye chombo cha volteji; ndio unaoizima volteji fuwele ikipata joto. Nimeona ukiwa umening'inia bila kazi, kwa sababu plagi haikuenea na mtu akaona aibu kuomba kiunganishi.

Weka tokeo la priampu kwenye osiloskopu. Kwa volti sifuri utaona kelele nene, na ni sawa, kwa sababu fuwele isiyo na volteji ina kapasitansi kubwa. Sasa panda volti 100, ngoja, tazama, panda tena. Kelele itakuwa inapungua kadiri eneo tupu la fuwele (lisilo na chaji huru) linavyopanuka, mpaka mahali fulani inaacha kupungua. Andika volti hizo: hapo ndipo eneo tupu limeshaenea fuwele nzima. Kwenye kigunduzi kizima, hatua hiyo iko chini ya volteji ya kazi iliyoandikwa kwenye cheti, na nafasi iliyobaki ndiyo akiba yako.

Wakati wote jicho moja liwe kwenye mstari wa chini wa osiloskopu, ukiwa kwenye mkao wa mkondo mnyoofu (DC). Kama priampu yako ina kipingamizi cha gigaohmu 1, mkondo wa uvujaji wa pikoampea 100 utausogeza mstari kwa volti 0.1. Kusogea kidogo na kutulia ni kawaida. Mstari ukianza kukimbia, au kelele ikirudi kuongezeka huku unapanda, shuka volti 200, ngoja nusu saa, jaribu tena. Ikirudia, simama hapo. Usilazimishe kwa sababu cheti kimesema 4000. Cheti kiliandikwa siku kigunduzi kilipozaliwa.

Hatua ya 4: lipige picha pigo

Weka Kobalti-60 mbele, tazama pigo moja moja. Mbele linapanda ndani ya nanosekunde mia chache. Nyuma linashuka polepole, kwa mikrosekunde 50 hivi kwenye priampu nyingi za kawaida. Ukiona mawimbi madogo yamepanda juu ya mstari, geuza kipimo cha muda mpaka uyasome. Yakija kila milisekunde 20 ni umeme wa ukutani, na maana yake kuna kitanzi cha ardhi, yaani njia mbili za kwenda ardhini: chomeka kila kitu kwenye soketi moja. Yakija bila mpangilio na kubadilika ukigusa duari, ni mtikisiko au naitrojeni inayochemka. Kama ni makali na ya haraka, tafuta chaja ya simu. Sitanii, chaja za simu zimenipotezea saa nyingi kuliko fuwele mbovu.

Hatua ya 5: sawazisha mkia wa pigo

Kwenye amplifaya ya kizamani, weka muda wa kuunda pigo mikrosekunde 6, kisha zungusha ile skrubu iliyoandikwa P/Z mpaka pigo lirudi kwenye mstari bila kuzama chini wala kubaki juu. Kwenye dijitaiza kazi ni ileile, ila unaandika namba: muda wa kushuka wa priampu, uliousoma hatua ya 4. Usichukue namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha kifaa. Kila priampu ina yake.

Hatua ya 6: upana wa kilele

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Weka Kobalti-60 sentimita 25 kutoka uso wa kofia, katikati kabisa, juu ya kishikio cha plastiki chepesi. Hesabu zote kwa sekunde zisizidi 1000 hivi. Rekebisha ukuzaji ili chaneli moja (kijisanduku kimoja cha nishati kwenye spektra) iwe karibu 0.3 keV, yaani kilo-elektroni-volti. Mimi husubiri mpaka chaneli ya juu kabisa ya kilele cha 1332.5 keV ifike hesabu 10,000, ndipo nasimamisha.

Programu itakupa upana yenyewe, lakini mara ya kwanza ukokotoe kwa mkono. Mistari miwili ya kobalti iko 1173.2 na 1332.5 keV, tofauti ni 159.3. Tuseme umeikuta kwenye chaneli 3911.0 na 4441.9. Gawanya 159.3 kwa 530.9: kila chaneli ni 0.300 keV. Kilele cha pili, ukitoa kitako chake (hesabu ambazo kilele kimekalia juu yake), kina upana wa chaneli 6.4 kwenye nusu ya kimo. Hiyo ni 1.92 keV. Kama cheti kinasema 1.85, umekaribia vya kutosha kuendelea. Kama kinasema 1.75, una jambo la kutafuta.

Pima pia upana kwenye sehemu ya kumi ya kimo. Kilele chenye umbo safi la kengele hutoa uwiano wa 1.82 kati ya upana huu na ule wa nusu kimo. Mfano wetu una chaneli 12.0 chini, yaani 3.60 keV, uwiano 1.88, sawa. Ukivuka 2.0, mkia upo hata kama macho hayauoni.

Sasa jenereta ya mapigo. Ipeleke kwenye tundu la majaribio la priampu, ukiweka kilele chake pembeni, mahali pasipo na mstari wa mionzi. Kilele hiki hakikupita kwenye fuwele, kwa hiyo upana wake ni kelele ya umeme peke yake. Tuseme ni 0.9 keV. Upana huunganishwa kwa miraba: mraba wa 1.92 ni 3.69, toa 0.81, inabaki 2.88, na kipeo chake ni 1.70 keV. Hilo ndilo deni la fuwele. Na si lote ni ubovu: gerimani hutumia wastani wa elektroni-volti 2.96 kwa kila jozi ya elektroni na tundu, na bahati nasibu ya kuhesabu jozi hizo peke yake hutoa karibu 1.5 keV kwenye nishati hii. Hakuna fundi atakayeipunguza.

Ukishakuwa na namba hizo mbili, umbo la kilele linasomeka kama barua:

Kilele cha kobalti kipana na cha jenereta kipana vilevile: tatizo ni umeme. Rudi hatua ya 4.

Cha jenereta chembamba, cha kobalti kina mkia upande wa nishati ndogo: usihukumu bado. Sogeza chanzo mbali mpaka hesabu zishuke mara tano. Mkia ukipotea, skrubu ya P/Z haikukaa sawa, mapigo yanakalia mashimo ya wenzao. Mkia ukibaki vilevile, ongeza volteji kidogo ndani ya kikomo cha cheti. Ukibaki bado, basi ni fuwele, na kama kigunduzi kimewahi kukaa karibu na shabaha, mshukiwa wa kwanza ni nyutroni. Zinaacha mashimo kwenye mpangilio wa atomi na mashimo hayo yananasa chaji njiani. Dawa yake ni kukipasha moto kwenye joto la karibu nyuzi 100 kwa siku kadhaa huku pampu ikivuta ombwe. Fuwele za aina ya n huvumilia nyutroni zaidi, ndiyo maana safu nyingi za majaribio ya mwale huzitumia.

Vilele viwili vilivyoshikana mahali pa kimoja: kuna kitu kiliruka katikati ya kipimo. Tikisa waya, ukianza na ule mfupi.

Na tafadhali usipime upana kwa mstari wa 511 keV wa Sodiamu-22. Mstari huo hutokea elektroni na positroni (pacha wake mwenye chaji chanya) zinapoangamizana, na elektroni ilikuwa na mwendo wake ndani ya atomi, na mwendo huo hupanua mstari. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayekuja mbio kusema kigunduzi kimeharibika kwa sababu hiyo.

Niongeze kisa kimoja. Kwenye maabara moja niliwahi kukaa siku mbili na kilele cha 2.6 keV. Nilibadilisha kila mpangilio wa dijitaiza. Fundi mzee wa pale akapita, akasimama nyuma yangu.

"Umebadilishana waya na jirani?"

"Mzee, waya ni mpya."

"Sikuuliza umri wake."

Nilibadilishana. Ubovu ukahamia kigunduzi cha jirani pamoja na waya. Pini ya katikati ya plagi ya BNC ilikuwa imerudi ndani nusu milimita. Tangu hapo, kabla ya kugusa programu, nabadilishana vipande na kigunduzi kinachojulikana kuwa kizima: waya, chaneli ya dijitaiza, chaneli ya volteji, kimoja kimoja. Ubovu ukikataa kuhama, ndipo namshuku mwenye nyumba, fuwele yenyewe.

Hatua ya 7: ufanisi

Desturi ya zamani bado inatumika: ufanisi wa gerimani hupimwa kwa kulinganishwa na fuwele ya sodiamu ayodaidi ya inchi 3 kwa 3, kwenye 1332.5 keV, sentimita 25. Fuwele hiyo hukamata 0.0012 ya mionzi yote ya nishati hiyo inayotoka kwenye chanzo. Huhitaji kuwa nayo. Unahitaji namba tu.

Chukua chanzo kilichokuwa kilobekereli 370, yaani atomi 370,000 zinazooza kila sekunde, miaka 4 iliyopita. Nusu-uhai wa Kobalti-60 ni miaka 5.27, kwa hiyo imebaki 0.591, yaani kilobekereli 218.6. Kwa sekunde 3600 za muda hai (muda ambao vifaa vilikuwa huru kupokea mapigo) umekusanya hesabu 283,000 ndani ya kilele, bila kitako. Hizo ni 78.6 kwa sekunde. Gawanya kwa 218,600, upate 0.00036, gawanya tena kwa 0.0012: 0.30. Kigunduzi ni cha asilimia 30. Kosa la nusu sentimita kwenye rula litakula karibu asilimia 4 ya jibu, basi pima umbali mara mbili. Na hakikisha ni muda hai, si muda wa saa ya ukutani.

Europiamu-152 inafuata, kwa mistari yake yote kuanzia 121.8 mpaka 1408.0 keV. Usisogeze chanzo karibu ili kuharakisha, kwa sababu mionzi miwili ya mporomoko mmoja (inayotoka kwenye kuoza kwa atomi ileile) itaingia pamoja na kuhesabiwa kama mmoja. Ushahidi wake ni kilele kidogo cha kobalti kwenye 2505.7 keV. Ukiwa na kipimo cha zamani, linganisha uwiano wa 121.8 kwa 1408.0. Ukipungua, tabaka lililokufa (lisilohesabu mionzi) usoni mwa fuwele limenenepa, jambo linalozipata fuwele za aina ya p zilizokaa miaka stoo bila kupozwa.

Kwenye spektra ileile ya kobalti, gawa kimo cha kilele cha 1332.5 kwa wastani wa chaneli zilizo kati ya 1040 na 1096 keV. Kigunduzi cha asilimia 30 kitoe hamsini na kitu. Dakika moja tu, andika.

Hatua ya 8: kiache kilale macho

Ondoa vyanzo vyote, acha kigunduzi kikusanye usiku kucha, ukihifadhi spektra mpya kila nusu saa. Ukuta wenyewe ni chanzo cha bure: Potasiamu-40 kwenye 1460.8 keV na Thaliamu-208 kwenye 2614.5. Asubuhi jumlisha spektra za saa mbilimbili ili vilele viwe na hesabu za kutosha, kisha chora katikati ya kila kilele kwa muda. Mstari ukipanda na kushuka pamoja na kiyoyozi, ni joto la vifaa, na linarekebishika kwenye uchambuzi. Ukiruka kama ngazi, rudi kwenye plagi.

Ikiwa kinaenda kwenye safu

Safu ni vigunduzi vingi vilivyopangwa kuzunguka shabaha: Miniball ya ISOLDE ina fuwele 24, na kila moja imegawanywa vipande sita. Gammasphere ya maabara ya Argonne, Marekani, ina nafasi za vigunduzi 110. Kwa wingi huo kumbukumbu ya kichwa haifai kitu. Kila fuwele iwe na jina lisilobadilika, na kila waya uwe na jina ncha zote mbili. Kwenye klova pima fuwele nne moja moja, kisha jumlisha nishati za zile zilizopigwa kwa wakati mmoja uone kilele cha 1332.5 kikiongezeka bila kupanuka sana. Kama kuna ngao ya BGO (fuwele nyingine zinazozunguka kigunduzi ili kukataa mapigo ya mionzi iliyotoroka na sehemu ya nishati yake), chukua spektra ya kobalti ngao ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa: mlima wa Compton (hesabu za mionzi iliyoacha sehemu tu ya nishati yake) unaoishia 1118 keV unapaswa kuzama na vilele vibaki kama vilivyo. Vilele vikipungua navyo, kizingiti cha ngao kiko chini mno na inakataa mapigo halali.

Ukimaliza, shusha volteji kwa mwendo uleule uliopandia, usizime swichi. Kiache kigunduzi kikiwa baridi kama jaribio liko ndani ya wiki chache. Kwenye karatasi ya tepu uliyoibandika mwanzo, chini ya volteji na alama, ongeza tarehe, upana wa 1332.5, uwiano wa sehemu ya kumi, upana wa jenereta, asilimia ya ufanisi, na siku ya kujaza tena naitrojeni pamoja na jina la atakayejaza.